Kidevu cha Mke wa Kinyozi

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo niliyoifudikiza bafuni, mlango nimeufunga kwa ndani na bomba nimelifungua kidogo ili wifi yangu aliye sebuleni adhani naoga, na nakusihi unisaidie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu ndiyo siku niliyopangiwa na sijui kama ninakwenda kujiokoa au kujimaliza.

Mshauri, mimi ni mwanamke na ninaota ndevu.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena, sasa nimeiacha hapo uisome. Sizungumzii vinywele laini ambavyo kila mtu anavyo akikaa juani. Hizi ni nywele nyeusi, ngumu, zinazochoma kama brashi ya viatu, zimeanza chini ya kidevu na zinashuka hadi kooni. Zilianza mojamoja mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, nikawa nazing'oa kwa kibano na kujiambia kwamba zimekwisha, lakini kila unywele niliong'oa ulirudi na jamaa zake, na mwaka jana hedhi yangu ilipoanza kuja inavyotaka yenyewe, ikikosekana miezi kisha ikiingia bila kubisha hodi, kidevu nacho kikachachamaa, ikanibidi niweke kibano chini na kushika wembe.

Sasa sikia balaa lenyewe: mume wangu ni kinyozi.

Nakuambia habari za mtu ambaye kazi yake tangu asubuhi hadi jioni ni kutazama videvu, mtu anayeweza kusimama mlangoni akamtazama mpita njia wa ng'ambo ya barabara akasema yule amenyolewa na mtu wa mkono wa kushoto, na huyo ndiye ninayemficha kidevu. Yeye mwenyewe hajanyoa tangu nimfahamu. Ana ndevu nzito zinazofika kifuani, anazitunza kwa mafuta ya nazi na kitana, husema ndizo kibao cha biashara yake, na kwa sababu hiyo nyumbani kwetu hakukuwa na wembe hata mmoja. Wa kwanza niliuchukua kwenye mkoba wake wa kazi, nikanyoa alfajiri kabla hajaamka, mkavumkavu, bila sabuni kwa kuogopa harufu, nikiupandisha wembe kutoka kooni kuelekea kidevuni kwa kuwa ndivyo unavyokata vizuri, na siku ile nilijiona malkia, nilijipapasa njia nzima kwenda kazini kama mtu aliyeokota kitu.

Kisha vikaja vipele. Nywele nilizozikata zilijikunja zikaingia tena ngozini, kila moja ikajijengea kipele chake, vingine vikatunga usaha, na vikipona vinaacha madoa meusi, na mimi kadiri ninavyoviona vipele ndivyo ninavyozidi kunyoa, na kadiri ninavyonyoa ndivyo navyo vinavyozidi, hadi shingo yangu imekuwa kama ganda la fenesi.

Ningekuwa nafanya kazi nyuma ya ukuta ningevumilia. Lakini mimi nauza miwani. Duka lote ni vioo na taa, na kazi yangu ni kuinama mbele ya mteja, uso kwa uso, nikimwekea sawa vikono vya miwani nyuma ya masikio. Alikuja bibi mmoja ambaye kwa miaka alikuwa akiona ukungu mtupu, nikamvisha miwani yake mipya, na kwa kuwa uso wangu ndio kitu cha kwanza alichokiona sawasawa, aliutazama kwa furaha kubwa, kisha macho yakashuka kidevuni, yakasimama hapo.

"Mwanangu," akasema, "sauti yako ilinidanganya. Kumbe wewe ni kijana wa kiume?"

Hakusema kwa ubaya, mshauri. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, na duka zima likasikia kwa niaba yake. Tangu siku hiyo navaa barakoa na kuwaambia watu nina mafua, nayo mafua yenyewe yamekataa kupona. Nyumbani siwezi kuvaa barakoa, kwa hiyo ni mtandio, naufunga hadi chini ya mdomo hata joto likiwa kali, na kitandani nampa mume wangu mgongo, na akinyoosha mkono kunigusa uso naudaka ule mkono na kuubusu, aone ni mapenzi, kumbe ni ulinzi.

Namshukuru Mungu kwamba hana habari. Ana mambo mengi kichwani. Paa la saluni yake linavuja, ndiyo maana siku hizi vifaa vingine anavileta nyumbani, utakuta kwenye rafu ya bafuni pakiti mpya ya nyembe, brashi ya povu na chupa ya losheni ya kupaka baada ya kunyoa, ananiambia, "Nimevihifadhi hapa visilowe," na mimi nimekuwa nikiiba kidogokidogo, na bahati nzuri ile losheni haiishi, nadhani kwa sababu naitumia kwa uangalifu. Hata balbu ya bafuni iliyokuwa hafifu ameitoa akaweka nyeupe kali, eti aliona mende, na juu ya sinki akatundika kioo kikubwa kuliko vile vya saluni, basi angalau naona ninachokifanya.

Siku moja tulikuwa mezani, yeye, mimi na wifi yangu, dada yake mkubwa, ambaye anakaa nasi wakati nyumba yake inakarabatiwa. Mume wangu akasema, "Nina mteja mmoja kichwa ngumu."

"Amefanya nini?" wifi akauliza.

"Ananyoa mkavu. Tena anapandisha wembe juu. Uso mzuri namna ile anauparuza kama anapara samaki."

"Si umwambie?"

"Ningemwambia aloweke kitambaa kwenye maji ya moto, akiweke kidevuni mpaka nywele zilainike, apake povu, kisha wembe ushuke kufuata nywele zinakoelekea, na asirudierudie mahali pamoja. Na vipele asivitumbue."

"Kwani humnyoi wewe?"

"Hajakaa kwenye kiti changu hata siku moja."

"Sasa huyo ni mteja wa namna gani?"

Mimi nikacheka, mshauri. Nikasema, "Mume wangu, mtu mkaidi hivyo mwache, dunia itamfunza."

Akanitazama. Akasema, "Siwezi kumwacha," akaendelea kula.

Niseme kweli, maneno yale yalinifaa. Kesho yake nilijaribu kitambaa cha moto, nikashusha wembe badala ya kuupandisha, na vipele vikapungua, nikamwombea dua mteja yule popote alipo. Lakini losheni ina harufu, na wifi yangu ana pua. Jumapili iliyopita alisimama katikati ya sebule akasema mbele yangu, "Kaka, mkeo ananukia mwanamume, na mwanamume mwenyewe si wewe. Wewe unanukia mafuta ya nazi. Anajifungia bafuni kila alfajiri, anajifunika uso ndani ya nyumba yake, akitoka ananukia losheni. Mimi si mtoto wa juzi."

Mume wangu alicheka hadi akakohoa. "Ananukia saluni yangu," akasema. "Mwache."

Wifi hakucheka. Alinifuata jikoni akaniambia, "Kaka yangu ana moyo mweupe. Mimi macho yangu yako kwako."

Ndipo nilipokwenda kwenye kituo cha urembo kilicho ghorofani, juu ya duka la viatu. Binti mwenye koti jeupe alinitazama kidevuni kwa muda mfupi tu, akasema watanipiga mwanga unaochoma mizizi ya nywele, vipele si kitu, hakuna haja ya kungoja, nije Jumatatu, uso utavimba na kubadilika rangi kwa siku kadhaa lakini nisiwe na wasiwasi. Kwa kuwa siwezi kuonekana nyumbani na uso uliovimba, nilimwambia mume wangu kwamba shangazi yangu anaumwa na ninakwenda kumuuguza.

Akauliza, "Shangazi yule aliyetupigia simu juzi akicheka yuko sokoni?"

Nikasema ndiye, amezidiwa ghafla. Kisha akasema, "Nenda, mke wangu. Lakini uniletee uso uleule ulioondoka nao."

Mshauri, naona wifi amefaulu, mume wangu anaamini nina mtu mwingine, na nikimwambia ukweli ili nijisafishe nitakuwa nimemwambia kwamba ameoa mwanamke mwenye ndevu, mji mzima utasema kinyozi ameoa mteja. Niende Jumatatu nikachomwe, nirudi laini, nipone na aibu hii? Au nimweleze, niwe nimeiua ndoa yangu kwa mkono wangu? Tafadhali nijibu kwa baruapepe kwanza, usichapishe, maana gazeti lako linafika saluni kwake na wateja hulisoma kwa sauti wakisubiri zamu.

Ni mimi niliyejifungia.

*

Uliyejifungia,

Kwanza inuka kwenye hiyo ndoo, ukafunge bomba. Maji yanapotea.

Nakujibu kwa baruapepe kama ulivyoomba, na gazetini barua yako haitatoka mpaka uniruhusu mwenyewe. Sentensi zako ni ndefu kiasi kwamba nililazimika kuvuta pumzi katikati, lakini nimezisoma zote, kisha nikarudia, na katika kurudia nilicheka peke yangu ofisini. Usinune. Sikuzicheka ndevu zako. Wanawake wanaoota nywele kidevuni ni wengi kuliko unavyodhani, na kama wote wangefungua milango ya bafu zao asubuhi moja, wewe ungejikuta kwenye foleni. Nilichokicheka ni kitu kingine.

Unasema mumeo hana habari. Binti yangu, wewe unauza miwani. Hebu vaa moja, tuisome barua yako pamoja.

Mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani, ambaye hajanyoa tangu umjue, analeta nyembe nyumbani. Za nani? Si zake. Wifi yako pia hanyoi. Unasema anazihifadhi zisilowe. Tangu lini watu wakahifadhi vitu bafuni ili visilowe? Losheni haiishi kwa sababu unaitumia kwa uangalifu, ndivyo unavyodhani. Losheni huisha, mama. Isipokwisha, kuna mtu anayeijaza, na nyumba yenu ina watu watatu. Na yule mende aliyesababisha taa mpya na kioo kipya ni mende wa ajabu sana, kwa maana sijapata kusikia mdudu anayefukuzwa kwa kioo.

Mumeo alijua. Alijua kabla ya taa na kabla ya nyembe. Mtu anayemtambua kinyozi wa mkono wa kushoto akiwa ng'ambo ya barabara, unategemea asiuone uso anaoamka nao kila siku?

Mteja yule kichwa ngumu, uliyemwombea dua popote alipo, alikuwa amekaa kwenye kiti chako, akila chakula chako. Mtu mzima alikaa mezani akatunga mteja mzima, mwenye ukaidi wake na uso wake mzuri, ili akufundishe kunyoa bila kukuaibisha mbele ya dada yake. Nawe ukamshauri amwache. Rudi usome alivyokujibu. Kisha uniambie tena kwamba unaogopa kuachwa.

Sasa nitakugombeza, maana unastahili.

Umemlaza shangazi yako mgonjwa kwa mdomo tu, mwanamke mzima wa afya anayecheka sokoni, ili ukauchome uso wako. Umemgeuzia mgongo mume anayekununulia losheni. Umechukua wembe kwenye mkoba wa kazi wa kinyozi, mahali panapokaa vyombo vilivyogusa shingo za watu wengi. Hilo peke yake lingetosha kukupeleka hospitali kwa ugonjwa ambao hauna uhusiano wowote na ndevu. Wembe hauazimwi, hata kwa mume. Na umeudaka mkono wake mara zote hizo ukaubusu ili usikufikie. Yeye aliuacha ubusiwe. Fikiri juu ya hilo ukiwa umesimama, si ukiwa kwenye ndoo.

Lile neno lake, kwamba umletee uso uleule ulioondoka nao, umelisikia kama neno la mtu mwenye wivu. Mimi nimelisikia kama neno la mtu mwenye hofu. Anajua shangazi haumwi. Hajui unakwenda wapi, lakini anajua unakwenda kufanya kitu usoni, na anaogopa watakuharibu. Nami naogopa vilevile.

Jumatatu huendi. Mpigie simu yule binti wa koti jeupe umwambie hivyo, na usimpe sababu. Sisemi kwamba mwanga ule ni uongo. Hupunguza nywele kweli, na watu wengi umewapa raha. Lakini mtu anayekutazama kwa muda mfupi, akaona ngozi yenye vipele na usaha, akasema vipele si kitu, huyo anataka pesa yako, hana haja na kidevu chako. Ngozi iliyowaka haipigwi mwanga, huachwa ikapoa kwanza. Tena si kila mashine inafaa ngozi nyeusi. Ziko zinazochoma rangi ya ngozi pamoja na nywele, nawe utakuwa umekwenda na vipele ukarudi na makovu. Je, alikuambia wanatumia mashine gani? Alijaribu mahali padogo kwanza, akangoja aone ngozi yako inasemaje? Hukuniandikia, kwa hiyo najua hakufanya.

Na kuna jambo ambalo umelipitia haraka kana kwamba halina maana: hedhi yako. Nywele zinapozidi kidevuni wakati uleule hedhi inapopoteza njia, mwili unazungumza, na hauzungumzi habari za urembo. Unakwenda kwa daktari, si kwa mrembaji. Mwambie yote mawili kwa pamoja, kidevu na hedhi, akupime damu. Mara nyingi ni homoni zilizoyumba, na dawa zake zipo. Usipotibu kinachozileta nywele, utazichoma leo na kesho zitaota nyingine, nawe utarudi kupanda ngazi zilezile za duka la viatu. Kisha muone daktari wa ngozi kwa ajili ya vipele na madoa. Kibano kiweke kabatini. Usitumbue kitu. Madoa meusi usiyapake krimu ya kung'arisha ya mtaani, hata jirani akikuapia kwa mama yake. Yatafifia taratibu vipele vikikoma na ukijikinga na jua.

Mumeo naye simsifu moja kwa moja. Kinyozi, ukiyasoma haya: upole wako ni mzuri, lakini umeuzungusha mno. Umenunua taa, kioo, brashi na losheni, ukasahau kununua neno moja. Mkeo amekaa gizani akidhani yuko peke yake, nawe uko upande wa pili wa mlango umeshika balbu.

Wifi muache kwa sasa. Pua yake haikukosea, imekosea hesabu tu.

Haya, fanya hivi. Kesho alfajiri ingia bafuni kama kawaida, washa ile taa ya mende, vua mtandio, acha mlango wazi, umwite. Usitoe hotuba. Mwite tu.

*

Mpendwa mshauri,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti, tena sebuleni.

Nilisoma jibu lako dukani, katikati ya vioo, nikajiona kila upande nikiwa nimeachama mdomo. Nilipofika kwenye bafu na vitu visilowe nilijisikia mjinga hadi masikio yakapata moto, kisha nikaanza kucheka ndani ya barakoa, mwenzangu wa kaunta akadhani mafua yamepanda kichwani.

Alfajiri nilifanya ulivyosema. Niliacha mlango wazi nikamwita, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu aliyekwama kisimani. Mshauri, hakuuliza kuna nini. Alikuja na taulo begani. Alikuja na bakuli la maji yanayofuka moshi, na kitambaa kikielea ndani yake, kumbe aliamka kabla yangu, na wala sijui ameamka kabla yangu asubuhi ngapi.

"Karibu kiti," akasema.

Kiti hakikuwapo. Niliketi kwenye ndoo.

"Inua kidevu." Nikainua. Akanyoosha mkono, na mimi kwa mazoea nikaudaka ili niubusu, akasema, "Mkono huu una kazi," akauchomoa taratibu, akaniwekea kitambaa cha moto kidevuni, na nikalia mle ndani ya mvuke kwa sababu ilikuwa nafuu kubwa kuguswa.

Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu uchumba. Ulikuwa na unywele mmoja, hapa kushoto. Nilikuwa nausalimia."

"Na kwa nini hukusema?"

"Kazi yetu ina adabu yake. Mtu humsemeshi habari za uso wake mpaka akae kwenye kiti. Nikawa nangoja ukae."

Mshauri, nimeolewa na mtu aliyekuwa akiningoja nikae, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, ukuta mmoja tu kati yetu. Nilimwambia habari za Jumatatu, za ngazi za duka la viatu na za shangazi. Akasema, "Nilijua unakwenda kuunguzwa mahali, sikujua wapi," na mkono wake ukatetemeka kidogo, akauweka wembe chini hadi ulipotulia.

Hapo ndipo wifi alipotokea mlangoni na kanga yake ya kulalia, akatutazama, povu limenifika masikioni. "Kumbe mwanamume mwenyewe ni kidevu!" akapiga kelele, akakaa chini palepale kwenye sakafu, akacheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza akaomba radhi vizuri, kwa adabu zote, kisha akasogea karibu na sikio langu. "Wifi," akanong'ona, "na mimi ninazo mbili. Nazing'oa kwa kucha. Huyu kaka yangu foleni yake ikoje?"

"Nimesikia," mume wangu akasema. "Utasubiri."

Kwa daktari tulikwenda wote wawili. Damu ilionyesha homoni zimepanda, si kwa kutisha, na kuna dawa nimeanza, ingawa daktari amenionya kwamba zinafanya kazi kwa mwendo wao na nisihesabu nywele kila asubuhi. Daktari wa ngozi amenipa krimu ya vipele, akasema ngozi ikitulia naweza kupigwa mwanga kwa mashine inayofaa ngozi kama yangu, utazipunguza sana, lakini hakuniahidi kwamba utazimaliza zote. Mume wangu alimuuliza maswali mengi hadi daktari akamuuliza yeye ni nani. "Ni kinyozi wake," akajibu.

Shingo imeanza kuwa shingo. Madoa bado yapo lakini barakoa nimeitupa, na juzi yule bibi wa miwani alirudi dukani kukazwa skrubu, nikainama mbele yake kama zamani. Aliniangalia vizuri, akageuka kutazama huku na huku.

"Yuko wapi yule kijana wa kiume aliyenihudumia siku ile?" akauliza. "Alikuwa mpole sana."

Nikamwambia ameacha kazi.

Basi, mshauri, chapisha. Yupo mwanamke mwingine aliyekaa kwenye ndoo yake sasa hivi, na bomba linamwagika. Nilimuuliza mume wangu kama haogopi wateja wake watakaposoma kwa sauti, akasema atakayecheka atanyolewa upande mmoja.

Ni mimi, niliyefungua.

*

Uliyefungua,

Nimechapisha. Endelea na dawa, rudi kwa daktari siku uliyopangiwa hata ukijiona umepona, na umpigie simu shangazi yako umwombe radhi kwa maradhi uliyompa.

Na wewe uliyekaa kwenye kiti cha kinyozi huyo, unayelisoma gazeti hili kwa sauti na ambaye umeanza kutabasamu: tulia. Wembe uko shingoni.